Kushikamana au Kusaidia: Mtu Anayeunga Mkono Jambo Anaitwaje kwa Kihispania?

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni mtumishi wa umma na ambaye Kihispania alikipata masomoni Cuba, aliniletea hivi karibuni kurasa kumi na nane za tafsiri. Kwa muda wake mwenyewe, baada ya saa za kazi, anahamishia katika Kiswahili maelezo ya kesi za kijeshi zilizofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Hispania. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alifika kwenye shida yake. "Mwalimu, mtu anayeunga mkono jambo, Wahispania wanamwitaje hasa? Nimekutana na maneno karibu kumi, na yote nimeyaandika 'mfuasi'. Naona kuna kitu kinanipotea."

Kweli kilikuwa kinampotea. Katika ukurasa wa sita, watu wawili walioshtakiwa kwa makosa tofauti walikuwa wamehukumiwa, katika Kiswahili chake, kwa kosa moja: "kuunga mkono uasi". Mmoja alipewa kifungo. Mwingine alipewa adhabu ya kifo. Msomaji wa Kiswahili angedhani mahakimu walipiga kura ya sarafu.

Swali lake linaonekana kuwa la kamusi, nami mwanzoni nilidhani hivyo. Kila nilipojaribu kulijibu kwa kamusi nilijikuta narudi kwenye historia, kwa sababu karibu kila neno la Kihispania linalomtaja mtu wa aina hii lina tarehe yake ya kuzaliwa, na mengi yalizaliwa siku ambayo mtu fulani alilazimika kuandikishwa.

Tuanze na lile ambalo kamusi hulitoa kwanza: *partidario*. Leo neno hili ni pole kabisa. Ukiwa *partidario* wa elimu bila ada, maana yake unaiafiki, basi. Huhitaji kadi wala kuhudhuria mkutano. Lakini msomaji wa mwaka 1809 angelielewa vingine. Katika lugha ya kijeshi ya karne ya 18, *partida* ni kikosi kidogo kinachojitenga na jeshi ili kumsumbua adui, na *partidario* ni mtu wa kikosi hicho. Majeshi ya Napoleon yalipoingia Hispania mwaka 1808 na majeshi ya kawaida ya nchi yakashindwa, vikosi hivi ndivyo vilivyobaki uwanjani. Serikali ya upinzani ilitoa kanuni za kuvitambua tarehe 28 Desemba 1808. Wafaransa waliwaita watu hao hao majambazi, na tofauti hiyo haikuwa ya adabu ya lugha: askari akikamatwa anakuwa mfungwa wa vita, jambazi akikamatwa ananyongwa kando ya barabara. *Guerrilla*, neno ambalo dunia nzima imelikopa, nalo lilienea kutokana na vita hivyo.

Katika watu hao, aliyejulikana kuliko wengi ni Juan Martín Díez, mkulima wa Castrillo de Duero aliyepewa jina la utani *El Empecinado*. Alipigana miaka sita kwa jina la Mfalme Fernando wa Saba, aliyekuwa ameshikiliwa Ufaransa, akapanda mpaka cheo cha jenerali. Mfalme aliporudi mwaka 1814 aliifuta Katiba iliyotungwa Cádiz mwaka 1812, na hapo ikadhihirika kwamba watu wawili waliokuwa wakipiga kelele ya jina moja vitani walikuwa na mambo mawili tofauti vichwani. Empecinado alikuwa wa mfalme, lakini alikuwa wa Katiba pia. Kati ya mwaka 1820 na 1823, Katiba iliporejeshwa kwa muda, alisimama upande wake. Utawala wa kidikteta wa mfalme uliporudi kwa msaada wa jeshi la Ufaransa, alikamatwa, akafungwa Roa, akaoneshwa kwa watu ndani ya kizimba, na Agosti 1825 akanyongwa kwa amri ya mfalme yule yule aliyempigania. Jina lake la utani lilizaa kitenzi, *empecinarse*, yaani kushupaa na jambo usiliachie. Ni watu wachache waliomwachia taifa lao kitenzi.

Sasa, tukisema kwa Kiswahili kwamba Empecinado alikuwa "mfuasi wa Mfalme Fernando", hatujasema uongo. Ila tumeifanya hukumu yake isieleweke.

Katika vita hivyo hivyo upande wa pili nao ulikuwa na majina yake, na hapa ningependa wasomaji walio katika ofisi za umma wasogee karibu. Napoleon alimweka kaka yake Joseph kwenye kiti cha ufalme cha Madrid. Wahispania waliomkubali waliitwa *afrancesados*, waliofaransishwa. Lakini ndani ya fungu hilo kulikuwa na watu wa aina nyingine kabisa, *juramentados*, walioapishwa: makarani, mahakimu, watoza kodi, watu ambao serikali mpya iliwaambia waape utii au waache mshahara, nao wakaapa. Mwanahistoria Miguel Artola, katika kitabu chake cha mwaka 1953 juu ya afrancesados, alisisitiza kwamba makundi haya yasichanganywe. Wa kwanza waliamini kwamba nasaba mpya ingeleta mageuzi bila umwagaji damu, na wa pili walikuwa na watoto wa kulisha. Amri ya mfalme ya tarehe 30 Mei 1814 iliyowafungia mlango wa kurudi wale waliokwenda uhamishoni na Joseph haikuwa na subira na tofauti za namna hiyo. Iliangalia cheo ulichoshika, haikuangalia ulichoamini.

Nimekaa sana katika karne ya 19 kwa sababu huko ndiko mchezo ulikofunzwa. Mshindi anachukua neno linalotaja moyo wa mtu na kuligeuza kuwa neno la faili. Karne ya 20 iliukamilisha mchezo huo kwa mihuri na fomu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Julai 1936, majenerali walipoasi dhidi ya serikali ya Jamhuri iliyochaguliwa. Ndani ya miezi michache pande zote mbili zilikuwa zimeokota neno moja kutoka katika lugha ya mapenzi. *Afecto* ni mtu mwenye kupenda, aliyeelekea kwako kwa moyo. *Desafecto* ni asiyekupenda. Haki itendeke kwa pande zote: Jamhuri yenyewe iliunda Oktoba 1936 mabaraza ya haraka ya kuwahukumu watu kwa *desafección*, yaani kutoipenda serikali. Lakini Franco ndiye aliyeshinda, na ndiye aliyepata muda wa kulitumia neno hilo kwa taifa zima. Mateka walipangwa kambini kwa makundi: walio afecto, wenye shaka, walio desafecto. Aliyeonekana kuwa wa upande wao aliweza kuachiliwa au kuingizwa jeshini. Wenye shaka kwa maelfu walipelekwa kwenye vikosi vya kazi za sulubu, kuchimba na kujenga barabara. Hebu fikiri: mtu anavunja mawe kwa sababu afisa hakuweza kuamua kama anapendwa au hapendwi na moyo wa huyo mtu.

Ili kujiokoa ulihitaji barua ya dhamana kutoka kwa padri, meya, kamanda wa polisi au mkuu wa chama wa mahali, ikisema kwamba wewe ni *adicto*, umeambatana na harakati tukufu ya taifa. Kijana wa Kihispania akiisoma barua hiyo leo hucheka, kwa sababu sasa neno hilo ni la mraibu wa dawa za kulevya. Asili yake ni ya kusikitisha zaidi. Katika sheria ya Warumi wa kale, *addictus* alikuwa mdaiwa aliyeshindwa kulipa, ambaye hakimu alimkabidhi kwa mdai wake amshike. Sidhani kama makarani wa mwaka 1939 walijua hilo, ingawa kwa jinsi mambo yalivyokwenda hawakukosea sana.

Chama pekee kilichoruhusiwa nacho kilikuwa na ngazi. Kanuni zake za mwaka 1937 ziligawa wanachama katika *militantes* na *adheridos*. Militante ametoka katika neno la Kilatini la askari, na leo neno hilo hilo linatumiwa na vyama vya kushoto na vya kulia kwa mwanachama anayefanya kazi ya chama. Adherido ni aliyeambatishwa pembeni, kama stempu kwenye bahasha: anatumika, lakini hana sauti. Kiswahili cha siasa za Tanzania kinaujua mgawanyo wa aina hii. Tunaye *kada*, tunaye mwanachama wa kadi tu, tunaye *mkereketwa*, neno ninalolipenda kwa kuwa limetoka katika kuwashwa kooni, na siku hizi tunaye *chawa*, ambaye yuko pale ilipo damu. Hatujawahi kuwa na upungufu wa majina. Tulichopungukiwa ni uangalifu wa kuyatumia tunapotafsiri watu wa kwingine.

Tarehe 9 Februari 1939, vita vikiwa bado havijaisha, Franco alitia saini Sheria ya Wajibu wa Kisiasa. Ilirudi nyuma mpaka tarehe 1 Oktoba 1934, hivyo ikaadhibu matendo ambayo siku yalipotendwa yalikuwa halali. Aliyekuwa ameandikishwa katika chama kilichopigwa marufuku aliwajibika. Wanachama wa kawaida wa vyama vya wafanyakazi waliachwa kando kwa jina la *simples afiliados*, waandikishwa tu. Kwa hiyo kijineno "tu" kilikuwa na thamani ya shamba au nyumba, maana adhabu zilikuwa faini, kunyang'anywa mali, kufukuzwa mahali unapoishi, kuzuiwa kushika kazi, na hata kupoteza uraia. Marehemu hakusamehewa. Faini ilidaiwa katika mirathi yake. Siku moja baadaye, tarehe 10 Februari, ikatoka sheria ya kuwachuja watumishi wa umma. Kila mmoja alitakiwa kuandika tamko la kiapo: alikuwa wa chama gani, alifanya nini vita vilipoanza, na nani atamshuhudia. Walimu wa shule waling'olewa kwa wingi.

Hapo ndipo tunafika kwenye ukurasa wa sita wa mwanafunzi wangu. Mahakama za kijeshi zilitumia Kanuni ya Haki za Kijeshi ya mwaka 1890, na kanuni hiyo ilitofautisha makosa kwa utaratibu wa ngazi. Kulikuwa na uasi wenyewe. Kulikuwa na *adhesión a la rebelión*, kushikamana na uasi. Na kulikuwa na *auxilio a la rebelión*, kuusaidia uasi. Kushikamana kuliadhibiwa kwa kifungo cha maisha mpaka kifo. Kusaidia kuliadhibiwa kwa kifungo cha miaka 12 hadi 20. Mtu aliyepika chakula cha askari wa Jamhuri alisaidia. Lakini kama alipika kwa furaha, kama alijulikana mtaani kuwa ni mwenye mawazo hayo, kama jirani alishuhudia kwamba alimsikia akishangilia, mahakama iliweza kusema kwamba huyu hakusaidia, huyu alishikamana. Tendo lilikuwa lile lile. Kilichoongezwa ni maoni ya watu juu ya moyo wake.

Na wote hawa, kumbukeni, walihukumiwa kwa uasi na watu walioasi. Ramón Serrano Suñer, shemeji yake Franco na waziri wake mwenye nguvu, alikuja kukiri miaka mingi baadaye kwamba hiyo ilikuwa haki iliyopinduliwa juu chini.

Mshairi Miguel Hernández, mchunga mbuzi wa Orihuela aliyejifunza ushairi kwa kusoma mwenyewe, alihukumiwa kifo Januari 1940 kwa adhesión. Wakati wa vita alikuwa upande wa Jamhuri, akiwaandikia na kuwasomea askari mashairi mstari wa mbele. Hukumu ilipunguzwa ikawa kifungo cha miaka 30. Hakukimaliza. Kifua kikuu kilimuua katika gereza la Alicante tarehe 28 Machi 1942, akiwa na umri wa miaka 31.

Nilimwambia mwanafunzi wangu: sasa rudi kwenye sentensi yako ya "kuunga mkono uasi" uone umewafanya nini hawa watu. Kuunga mkono kwetu kunaweza kuwa kunyoosha mkono mkutanoni. Ukiliweka neno hilo mahali pa adhesión, umeifanya mahakama ionekane ya kichaa, ilhali ilikuwa na mantiki, tena mantiki baridi sana. Ukiliweka mahali pa auxilio pia, umefuta mpaka ambao mawakili, wake na akina mama walihangaika usiku kucha kumvusha mtu wao aurudie upande wa uhai.

Itakuwa si haki kuliacha neno hilo katika gereza la Alicante, kwa kuwa maneno nayo hupata maisha mengine. Juni 2005 Jeshi la Zapatista, lililokuwa limeanzisha uasi Chiapas, kusini mwa Mexico, tarehe 1 Januari 1994, lilitoa Tamko lake la Sita kutoka Msitu wa Lacandona. Liliwaalika watu na vikundi visivyokuwa vya jeshi hilo kulikubali tamko na kujiandikisha kama *adherentes*. Mzizi ni ule ule, wa kushikamana. Ulichokuwa ushahidi wa kumpeleka mtu ukutani Madrid kilikuwa Chiapas njia ya mtu wa nje kusema: mimi si Mzapatista, sijabeba silaha, siishi vijijini kwenu, lakini nimesimama nanyi. Sijui neno la Kiswahili lililosafiri umbali huo ndani ya miaka 65.

Amerika ya Kihispania ina hazina yake, nami nitaipita haraka. Nchini Argentina Waperoni waliitana *compañero*, neno ambalo asili yake ni mtu mnayekula naye mkate mmoja, na wapinzani wao wa Chama cha Radical waliitana *correligionario*, watu wa dini moja, ingawa dini yenyewe ilikuwa sanduku la kura. Wakomunisti walipendelea *camarada*, asili yake mtu mliyelala naye chumba kimoja. Anayevipenda vyama hivi bila kujiandikisha ni *simpatizante*, na polisi wa bara lile walilipenda sana neno hilo, kwa kuwa halihitaji ushahidi wa kadi. *Hincha* ni wa mpira. Ukimwita mtu hincha wa sera fulani umemtania, kama sisi tunavyomtania mtu kwa kumwita shabiki.

Cuba iliongeza *internacionalista*, aliyekwenda kupigana au kutibu katika nchi ya wengine. Neno hilo lilipita kwetu. Aprili 1965 Ernesto Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kuungana na waasi wa mashariki ya Kongo, na jina alilopewa huko lilikuwa la Kiswahili, Tatu, baada ya wenzake wawili walioitwa Moja na Mbili. Zaidi ya Wacuba 100 walimfuata. Novemba mwaka huo waliondoka wameshindwa, naye akakaa kwa siri katika ubalozi wa Cuba Dar es Salaam akiandika habari za safari ile, akikiri tangu mwanzo kwamba anaandika habari za kushindwa. Malalamiko yake mengi yanazunguka swali hili hili la leo. Alikuta watu wenye bunduki wasio na mafunzo, wasiotaka kukaa mahandakini, wenye viongozi walio mbali. Je, hao walikuwa *revolucionarios*? Yeye alikuja na neno lake tayari, akitafuta watu wa kulijaza. Wenyeji walikuwa na mambo yao: ardhi, viongozi waliouawa, majirani, hofu ya mamluki. Mkutano wa Kihispania na Kiswahili kwenye milima ile ulikuwa na wakalimani, lakini kwa neno hili hapakuwa na ukalimani uliotosha.

Nilimpa mwanafunzi wangu ushauri wa kikazi. Kabla ya kuandika "mfuasi", aulize maswali matatu kwa kila jina: mtu huyu alifanya nini kwa mikono yake, nani aliyempa jina hilo, na jina hilo lilimgharimu nini mwaka huo? Partidario wa 1809 tumwite mpiganaji wa kikosi huru. Partidario wa leo, mwenye kuafiki. Militante awe mwanachama mtendaji, simpatizante awe mwenye kuelekea upande, juramentado awe aliyeapishwa. Activista tunaye, mwanaharakati. Adhesión tulikubaliana iwe "kushikamana na uasi" na auxilio iwe "kuusaidia uasi", hata pale ambapo sentensi inakuwa nzito kidogo.

Tulikwama mahali pamoja. Sheria ya Februari 1939 ilimwajibisha pia mtu aliyeipinga harakati ya Franco kwa *pasividad grave*. Si kwa tendo, si kwa neno, bali kwa kutofanya kitu kwa kiwango ambacho mtawala alikiona kizito. Karani aliyekwenda kazini, akagonga mihuri, akarudi nyumbani, hakushangilia upande wowote. Mwanafunzi wangu alipendekeza "ukimya wa makusudi". Nilikataa, kwa sababu sheria haikujali kusudi. Mimi nilipendekeza "kutotenda kuliko kuzito", naye akasema, kwa adabu, kwamba hicho si Kiswahili. Alikuwa sahihi. Kwenye ukurasa wa kumi na moja bado pana nafasi iliyoachwa wazi kwa penseli.